Masikio Niliyoyapata Shamba la Karanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilimbeba mtoto aliyekuwa akilia, nikakimbia naye mpaka katikati ya shamba la karanga, nikamkabidhi mama mmoja na kumwambia, "Mama, mnyonyeshe, ana njaa huyu." Yule mama akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akakaa juu ya tuta na kucheka mpaka jembe likamponyoka. Hakuwa mtoto wake. Wake alikuwa wa kike. Niliyempelekea alikuwa wa kiume, na ushahidi wa uanaume wake ulikuwa umeshanilowesha gauni mpaka kwenye viatu.

Basi ninyi mabinti mnaoanza kazi ya kulea watoto wa watu, na ninyi vijana wa kiume pia, maana siku hizi nawaona mmo, msione haya mkikosea. Mimi nimelea mpaka mgongo ukakataa, nimestaafu, lakini nikianza kusimulia ile miaka ya Ujamaa hata mgongo hunyamaza. Mniwie radhi nikicheka katikati ya sentensi. Sijawahi kuimaliza hadithi hii na uso mkavu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kigwa, jirani na reli. Akina mama walitakiwa shamba la pamoja sawasawa na wanaume, na zamani waliwalaza watoto wachanga vichakani pembeni, mpaka siku moja nyoka akakutwa kajikunja kwenye kanga ya mtoto. Mungu akatuepusha. Ndipo likajengwa banda ukingoni mwa shamba: nguzo za miti, paa la nyasi, ukuta wa matete hadi kifuani, mikeka chini. Mimi, Debora, binti wa miaka kumi na tisa, nikachaguliwa kuwa Mlezi kwa sababu moja tu: nilikuwa na mwandiko mzuri. Kulea sikujua. Nilikuwa kitinda mimba, hata mdogo wangu wa kumbeba sikuwa naye.

Na niseme ukweli, kilio cha mtoto kwangu kilikuwa kelele tu. Nilikuwa nakisikia kama ninavyosikia mashine ya kusaga. Kikizidi naziba masikio, kikiisha nashukuru.

Kilichonikera kilikuwa hiki: mtoto akilia bandani, kule shambani mama mmoja anatupa jembe na kuja. Si wote. Mmoja. Anaruka matuta, anafika, anamchukua mtoto, anatoa ziwa. Na kila mara ndiye mwenye mtoto! Mimi niliyekuwa palepale bandani nilikuwa bado nageuza geuza watoto nikitafuta nani kaanza. Nikajiambia, Debora, usichezewe. Hawa wana ujanja wao. Wanapeana zamu ya kukwepa jua.

Kinara wao alikuwa Mama Kulwa. Huyu alikuwa mama wa mapacha, Kulwa na Doto, mnene, mcheshi, sauti yake ikiita kutoka shambani kuku wa kijiji kizima wananyanyua shingo. Siku moja alikuja mbio, akampita Kulwa bila kumtazama, akamnyanyua Doto.

"Mayo," nikamwambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyezaa, "umejuaje kwamba ni Doto?"

"Kwani wewe hukusikia?"

"Nimesikia mtoto."

"Hakuna mtoto hapa anayeitwa Mtoto," akasema, akaketi kunyonyesha. "Bibi yangu alikwenda Pwani na msafara, njia yenyewe ilipita pale mwisho wa shamba. Mzigo kichwani, mwana mgongoni. Wakipiga kambi, wapagazi wamejaa, watoto wamelala huku na kule, wanaimba, wanapigana, wanapika. Wa kwake akinung'unika yeye keshafika. Unadhani alifundishwa na nani?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Subiri utazaa."

Mnajua kauli ile inavyochoma mtu ambaye hajazaa? Inachoma! Nilikasirika siku mbili nzima.

Lakini alinifundisha mengi, yule mama, na haya yaandikeni. Kabla hujambeba mtoto anayelia, tazama miguu. Akiikunja na kuitupa, tumbo limejaa hewa, mlaze kifudifudi juu ya mapaja yako na umsugue mgongo polepole. Njaa huanza kwa midomo, anatafuta tafuta, analamba ngumi, sauti inafuata baadaye, kwa hiyo ukingoja sauti umeshachelewa. Usingizi hulia kwa hasira, anajisugua macho, na huyo hataki maongezi yako wala nyimbo zako, anataka kufunikwa tu. Na usimtikise! Mtoto si kibuyu cha maziwa.

Hayo niliyafuata kwa macho. Masikio bado yalikuwa mbao.

Kisha nikapelekwa Tabora mjini, kozi ya majuma machache. Nilirudi na saa ya mezani yenye kengele, na kichwa kikubwa. Mwalimu wetu, bwana mmoja nadhifu ambaye sidhani kama aliwahi kushika nepi, alituambia mtoto anyonye kwa ratiba. Kengele ikilia, ananyonya. Isipolia, hanyonyi, hata akilia yeye. Nikaiweka ile saa juu ya sanduku katikati ya banda. Lo! Siku ya kwanza kengele ilipopiga, watoto wote waliokuwa wamelala wakaamka kwa mshtuko mmoja, wakalia wote, na akina mama wote wakaja mbio kwa pamoja, wamekanyaga karanga changa za kijiji, matuta mawili yamelala chini. Mama Kulwa alifika wa kwanza, akaichukua saa, akaikalia. Iliendelea kulia chini yake kama chura.

Nikaona wamenidharau mimi na elimu yangu. Nikachukua kalamu na ule mwandiko wangu mzuri, nikamwandikia Mwenyekiti wa kijiji. Ndugu Mwenyekiti Kasubi alikuwa mwembamba, msafi, mpenda taratibu, mtu wa kupanga hata majembe kwa urefu wa mpini. Nilimwandikia mapendekezo mawili. La kwanza, watoto wahamishiwe kwenye ghala la kijiji karibu na stesheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, ili mama zao wasisikie vilio, waache zamu zao za kukwepa jua, na kazi iende. La pili, Mlezi asiwe mwanamke mwenye mtoto mchanga, kwa kuwa atampendelea wake.

Mwenyekiti aliisoma ile barua mbele ya mkutano kwa sauti. Akasema, "Binti huyu ana kichwa." Ghala lilikuwa limejaa mavuno wakati ule, kwa hiyo akaahidi kulitekeleza jambo hilo msimu unaofuata. Nikatembea siku zile kijijini nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Msimu unaofuata ulinikuta nimeolewa na nimezaa. Ndiyo, chekeni, mimi mwenyewe nacheka.

Mume wangu Elia alikuwa wa genge la reli, wale wanaokaza nati na kubadilisha mataruma chini ya reli, na nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka relini. Gari moshi likipita, vikombe vinacheza kabatini. Yohana alizaliwa mdogo, mdogo kweli, mkunga alimpima kwa macho akasema, "Huyu atanyonya kidogo kidogo na mara nyingi, usimwachie nafasi." Na ndivyo alivyokuwa. Ananyonya mara tatu, anachoka, analala, baada ya muda mfupi anataka tena.

Sasa sikieni maajabu. Mchana mmoja nimelala naye kitandani. Gari la mizigo likapita, refu, mabehewa hayaishi, Elia ananiambia kikombe kilidondoka na kuvunjika. Mimi sikuamka. Mwanangu akabana midomo na kuiachia, hivi tu, *mpwa*, nikakaa wima kitandani macho yamenitoka! Elia akabaki kanishangaa, kashika vipande vya kikombe.

"Gari hukulisikia?"

"Gari gani?"

Si hilo tu. Nilikwenda sokoni Tabora kununua dagaa, mtoto nimemwacha nje ya soko na mama mkwe. Mtoto wa mtu, simjui baba wala mama yake, akalia nyuma ya meza za vitunguu. Kabla sijageuka, maziwa yalikuwa yanatoka. Yenyewe! Sikuyaomba. Nikanunua dagaa nimejifunika kanga mpaka kidevuni, juani, jasho linanitiririka. Muuza dagaa akaniuliza kama nina homa.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia haya daktari mmoja kijana, nikidhani atanicheka. Akaniambia kwamba mwanamke akizaa, ubongo wake hujipanga upya, na sauti ya mtoto inapewa mlango wake peke yake, haipangi foleni na sauti nyingine. Inaingia kabla hujafikiri, mikono inaondoka kabla hujaamua. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo Mama Kulwa aliniambia zamani, akimnyonyesha Doto."

Lakini turudi kwenye barua. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mwenyekiti Kasubi akaja nyumbani kwangu, barua kaikunja vizuri mfukoni.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Yohana. Hongera kwa mtoto. Nimekuja kutekeleza." Akaikunjua. "Pendekezo la pili. Una mtoto mchanga, kwa hiyo ulezi tumempa binti Tatu, na wewe utashika jembe pamoja na wenzako. Pendekezo la kwanza. Watoto wanahamia ghalani wiki ijayo."

Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi! Yohana wangu wa kunyonya mara tatu na kulala, ndani ya ghala lenye mlango wa bati, analamba ngumi, na mimi niko kwenye matuta sina habari. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, wala sitaki kuwaficha.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi... nilikuwa sijui."

"Mbona umeandika vizuri?" akasema, na wala hakuwa ananidhihaki, masikini. Alikuwa ananisifu kwa dhati.

Nilikwenda kwa wenzangu shambani nimeinamisha kichwa. Nilitegemea watanila nyama. Badala yake walicheka! Walicheka wakashikana mabega, mmoja akaomba nimsomee barua yangu kwa sauti, mwingine akaniuliza zamu yangu ya kukwepa jua ni lini. Waliponimaliza, Mama Kulwa akajifuta machozi, akasema, "Haya, twende kwa mtu wa taratibu tukampe taratibu."

Akamwambia Mwenyekiti hivi: "Unasema kilio ni kilio, na tukisikia mtoto yeyote kazi inakufa. Sisi tunasema kila mtu anaondoka kwa wake tu, anarudi, kazi inaendelea. Tupime. Tukipatia wote, banda linabaki. Akikosea hata mmoja wetu, ghalani."

Mwenyekiti alipenda sana neno kupima. Akakubali palepale, na akatunga masharti.

Mimi roho ilikuwa mkononi. Hata mmoja! Na mgeni kati yao nilikuwa mimi, mwenye masikio ya majuma machache. Vipi nikishtukia mtoto wa mwingine, kama kule sokoni? Wote wangepoteza banda kwa ajili yangu mara ya pili.

Siku ya kupimwa tulipangwa mstari shambani akina mama saba, tumeligeuzia banda mgongo, hatua mia moja hivi. Mwenyekiti mbele yetu, anatazama banda juu ya vichwa vyetu. Bandani alikuwamo Tatu, na Katibu wa kijiji mwenye orodha ya majina. Mtoto akilia, Tatu anapunga kitambaa, Katibu anaandika nani kalia, na huku mstarini mama mwenye mtoto huyo anainua mkono. Watoto walikuwa tisa. Mapacha wawili, Yohana wangu, watano wa wenzangu, na wa tisa Nyamizi, mjukuu wa Mwenyekiti. Mama yake Nyamizi alikuwa hospitali Tabora karibu mwezi, na mtoto alikuwa kwa babu na bibi yake, kwa hiyo Mwenyekiti akamfuta kwenye hesabu. "Huyu hana mama shambani," akasema. "Hatupimi."

Hatukumfinya mtoto wa mtu, msinifikirie hivyo. Tulichelewesha kunyonyesha kidogo tu. Kulia wenyewe wanajua.

Wa kwanza akalia. Mama Asha akainua mkono. "Wangu. Lakini si njaa, kambadilishie upande." Katibu akapaza sauti: "Asha!" Mama wa pili akapatia. Wa tatu akapatia. Kisha ikatoka sauti moja kali, Mama Kulwa akainua mkono wa kulia. Kabla hajaushusha ikadakia nyingine, na wallahi kwa masikio yangu zilikuwa sauti mbili za mtu mmoja. Akainua wa kushoto.

"Mbona miwili?" Mwenyekiti akauliza.

"Wa kulia Kulwa, wa kushoto Doto."

"Kulwa, halafu Doto!" Katibu akaitikia kule, sauti imepanda kwa mshangao.

Tulianza kuchekelea. Mwenyekiti akatuonya tusicheke kazini. Wakapita wengine, wote wakapatia, mpaka nikabaki mimi peke yangu, na Yohana yuko kimya! Tukangoja. Jua likapanda. Wenzangu wananitazama kwa pembe za macho. Nikaomba moyoni, lia, baba, lia kidogo tu.

Ndipo gari moshi likaja. Likapiga honi kwenye kivuko, likaanza kupita na kishindo chake chote, Mwenyekiti akasema kitu na hakuna aliyemsikia. Na humo ndani ya kishindo, mimi nikasikia. Siwezi kuwaambia nilisikia nini. Ilikuwa kama mtu kanigusa bega. Mkono ukapanda wenyewe, na nilipotazama chini, gauni langu lilikuwa limelowa mbele, sehemu mbili, mbele ya Mwenyekiti na Serikali yote ya kijiji.

Mwenyekiti akageuza uso haraka, akayatazama mawingu. Gari likaisha. Akaita, "Katibu! Nani kalia?"

"Hakuna!" Katibu akajibu.

Wee!

"Kaguna!" Tatu akapiga kelele. "Yohana kaguna hapa mkononi mwangu, kanitafuta ziwa!"

"Kuguna si kulia," akasema Mwenyekiti. "Masharti yanasema kulia."

Hapo kukazuka zogo. Mama Kulwa anasema gauni ndilo shahidi, Mama Asha anasema kusikia kuguna ndani ya gari moshi ni kupatia mara kumi, wengine wanasema wote kwa pamoja. Mimi nimesimama na gauni langu bichi, machozi yananilengalenga, naona ghala, naona mlango wa bati. Mwenyekiti akainua mikono yote miwili mpaka tukanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa masharti.

"Ndugu zangu," akaanza, "Mama Yohana ameinua mkono na hakuna aliyelia. Imeandikwa hivyo. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo watoto wote wa kijiji hiki..."

Bandani mtoto mmoja akalia. Sauti nyembamba, ya kukatika katika. Wanawake saba tukatazamana, na hakuna aliyeinua mkono hata mmoja.

"...watoto wote wa kijiji hiki wata..." Shingo ikamgeuka kidogo, sikio moja mbele. "Huyo Nyamizi," akasema, na hakuwa akisema na sisi. "Kalalia mkono wake huyo. Hulia hivyo akilalia mkono. Tatu! Mgeuze! Si hivyo, mgeuze kushoto!"

Na keshatupita. Mwenyekiti Kasubi mpenda taratibu alikuwa anaruka matuta, kofia imeanguka nyuma yake, anakanyaga karanga za kijiji bila kuzitazama.

Kisha Mama Kulwa akavuta pumzi ile ya kuita kuku:

"Ndugu Mwenyekiti! Inua mkono!"

Hakugeuka, wala hakupunguza mbio. Lakini mkono aliuinua, na banda halikuhama.